Msaada: mashine ya kuoshea vyombo inasimama katikati, fundi anasema bodi imekufa

SahaniZaGoba (Jumapili, saa 3 usiku)

Wakuu habari za jioni. Nimekwama, naomba mnisaidie kabla sijatoa hela. Nina mashine ya kuoshea vyombo, ile ya kukaa chini ya kaunta, nilinunua ikiwa imeshatumika Ulaya, huu mwaka wa 2 iko kwangu hapa Goba na haijawahi kunisumbua. Mimi napika chakula cha oda, shughuli ndogondogo za watu 30 mpaka 40, kwahiyo hii mashine kwangu sio pambo, bila yenyewe nalala saa 8 usiku nasugua sahani na kesho yake saa 11 alfajiri natakiwa niwe jikoni.

Sasa tangu wiki 2 zilizopita inaanza vizuri, maji yanaingia, inarusha maji kama kawaida, ikifika dakika ya 20 au 25 hivi inasimama. Taa mbili zinawakawaka, hairushi tena maji ila chini inanguruma kama kuna kitu kinavuta maji, na haikomi kunguruma mpaka nichomoe waya ukutani. Nikirudisha waya inaanza kunguruma tena hata sijabonyeza kitu. Nikiiacha siku 2 au 3 bila kuigusa inakubali kuanza upya, alafu inasimama palepale.

Fundi kaja jana, kafungua kwa chini kaangalia kama dakika 10 hivi, kasema bodi (ile saketi ya umeme inayoongoza mashine nzima) imekufa, iagizwe, laki 4 na nusu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia mashine. Mashine yenyewe haina kioo cha kuonyesha namba, ni taa tu. Naombeni mawazo.


KijikoChaMbao

Pole sana dada. Anza na chujio kabla ya kitu kingine. Toa kitoroli cha chini, katikati ya sakafu ya mashine utaona kikombe cha kuzungusha, kizungushe kitatoka, chini yake kuna wavu. Vyote vioshe kwa mswaki wa zamani na maji ya moto. Lile shimo linalobaki litakuwa na maji, yachote kwa kikombe yaishe, alafu vaa glavu ndo uingize vidole maana mara nyingi mle kuna kipande cha glasi. Ndani kabisa kuna panga dogo la pampu ya kutoa maji, mashine nyingine limefunikwa na kifuniko kidogo cha plastiki unakichomoa. Lizungushe kwa kijiti. Likiwa zima linazunguka kwa kushtukashtuka kwa sababu ya sumaku, usishangae, likiwa limekwama hapo ndo mchawi wako yupo. Yangu mwaka juzi nilitoa mbegu ya ukwaju, imekaa katikati ya panga kama imewekwa na mtu.


VoltiMiaMbili

Mimi nasema umeme. Hita za hizi mashine zinakula kama wati 2000. Volti zikishuka kutoka 230 mpaka 180 hita haitoi tena 2000, inatoa kama 1200, maana nguvu inashuka kwa mraba wa volti, kwahiyo maji yanachelewa kuchemka na mashine ina muda wake wa kusubiri, ukipita inajua kuna hitilafu inasimama. Nyumba nyingi jioni kila mtu kawasha jiko na pasi volti zinashuka na watu wanalaumu mashine. Tafuta mtu mwenye mita apime kwenye soketi hiyohiyo, na apime mashine ikiwa inafanya kazi, sio ikiwa imezimwa.


Nasra_Maskati

Asalaam aleykum dada yangu. Mie niko Muscat, hapa kila nyumba ina mashine hizi. Kwanza hakikisha kweli imesimama, maana zipo programu ndefu za kubana umeme zenda saa 3 na zaidi, na katikati hukaa kimya dakika nyingi, mtu akadhani imekufa kumbe yakausha au yasubiri maji yapate moto. Lakini wewe wasema taa zawakawaka na yanguruma, basi hiyo si kimya cha kawaida.

La pili, sabuni gani watumia? Mie niliwahi kupata taabu kwa sabuni.


SahaniZaGoba (Jumatatu, saa 4 usiku)

Asanteni, nimefanya yote leo. Chujio lilikuwa chafu kweli, nimetoa mchele, nyuzi za nyama na kijiti cha mshikaki kimevunjika vipande 2. Panga la pampu linazunguka kwa kushtukashtuka kama alivyosema KijikoChaMbao. Jirani yangu ana mita, kapima saa 2 usiku mashine ikiwa inaosha, 221. Akabaki nayo mpaka iliposimama, bado 219. Imesimama dakika ya 23.

Dada Nasra natumia sabuni ya kuoshea vyombo ya kawaida, sidhani kama ndo shida maana vyombo vilikuwa vinatakata.

Kwahiyo nimebaki na bodi? Fundi kanipigia leo mara 2 anauliza kama nimepata hela.


FundiWaTegeta

Dada usitoe hela ya bodi. Nimefanya hizi kazi miaka 11, na bodi naibadilisha mara chache sana, tena nikishamaliza kila kitu kingine. Kuna mafundi wakiona taa zinawaka tu wanasema bodi kwa sababu bodi haiwadai maelezo. Hilo linaniumiza maana watu wanatupa mashine nzima kwa kitu cha kukausha kwa kitambaa.

Ngoja nikueleze ninavyofikiri. Mashine ikisimama katikati, swali la kwanza sio kifaa gani kimekufa, ni ilikuwa inafanya nini dakika hiyo. Inaanza kwa kutoa maji ya zamani, inaingiza mapya, inarusha bila sabuni dakika chache, inatoa, inaingiza tena, hapo kisanduku cha sabuni kinafunguka na hita inawaka, inaosha yenyewe sasa, inatoa, inasuuza mara 1 au 2, suuza ya mwisho ni ya moto, alafu inakauka. Ikisimama dakika za mwanzo kabisa huwa ni maji hayaingii au mlango haushiki. Ikisimama na maji yamejaa chini, ni kutoa maji. Ikizunguka muda mrefu na maji yamebaki baridi, tafuta hita au sensa ya joto. Yako inasimama dakika ya 20 na kitu, yaani muda mfupi baada ya kisanduku cha sabuni kufunguka. Hiyo saa iweke akilini.

Sasa nijibu haya kwa makini:
Ikisimama, ndani ya tumbo la mashine kuna maji au pakavu?
Ule mngurumo ni wa pampu ya kutoa maji? Weka mkono kwenye mpira wa kutolea maji chini ya sinki usikie kama unatetemeka.
Maji yako yanatoka wapi, na tanki lina urefu gani?


SahaniZaGoba

Ndani hakuna maji, yamebaki kidogo tu kwenye shimo la chujio. Mpira wa kutolea maji unatetemeka ndio. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo, tanki liko juu ya mnara wa mita 3.


Nyali_Kwetu

Hapa Mombasa pia natumia maji ya kisima na hiyo tanki yako mie naiona iko chini sana. Mita 10 za maji ndio zinakupa presha ya bar 1, sasa mita 3 ni bar 0.3 na hapo hujatoa urefu wa mashine yenyewe na kona za paipu. Mashine nyingi kwenye kitabu chake zataka kuanzia bar 0.3 au 0.5. Jaribu hivi: funga mfereji, fungua mpira wa kuingiza maji pale unaposhikana na mashine, utie kwenye ndoo ya lita 10, fungua, hesabu. Ndoo ijae kwa dakika 1 au karibu na hapo. Na pale mpira unapoingia kwenye mashine kuna kichungi kidogo cha wavu, kitoe kwa koleo ukiangalie. Mimi changu kilikuwa kimejaa mchanga hadi hakipitishi mwanga. Stima zima kwanza na ndoo weka mbali na soketi.


SahaniZaGoba (Alhamisi, mchana)

Ndoo imejaa kwa dakika 2 na sekunde 50! Nikatoa kile kichungi, kumbe na kwenye koki ukutani kuna kingine, vyote vina mchanga mwekundu na gaga jeupe. Nimeviloweka kwenye maji ya ndimu nusu saa gaga likatoka. Saa hii ndoo inajaa dakika 1 na sekunde 10. Kweli maji yanaingia kwa kasi, hata sauti imebadilika.

Nimejaribu kuosha. Imesimama dakika ya 24. Nimekaa chini jikoni nikakosa la kusema.


FundiWaTegeta

Usikate tamaa, hiyo kazi ya vichungi haijapotea, ungeihitaji tu mbele ya safari. Na sasa umeshanipa jibu. Tumbo halina maji lakini pampu ya kutoa maji inafanya kazi bila kukoma, hata ukizima na kuwasha inaanza yenyewe kabla hujabonyeza. Hiyo ni mashine inayojiokoa na mafuriko.

Chini kabisa ya mashine, nje ya tumbo, kuna beseni la bati au plastiki. Kazi yake ni kukinga maji yakivuja. Ndani ya beseni kuna boya, kipande chepesi kama kile cha kwenye tanki la choo ila kidogo, na juu yake kuna swichi. Maji yakiingia kwenye beseni hata kikombe kimoja au viwili, boya linapanda, linabonyeza swichi, mashine inaacha kila kitu, inafunga maji na kuwasha pampu ya kutoa ili nyumba isijae maji. Shida ni kwamba ile pampu inatoa maji ya tumboni, haigusi maji ya kwenye beseni, kwahiyo itanguruma mpaka kesho. Mashine zenye kioo zinakuambia, Bosch na Siemens zinaandika E15, LG inaandika AE. Yako haina kioo ndo maana unaona taa tu.

Na ule ushahidi wako wa mwanzo, kwamba ukiiacha siku 2 au 3 inakubali tena, ni kwa sababu maji ya kwenye beseni yanakauka kwa joto la Dar, boya linashuka. Bodi ikifa haifufuki kwa kupumzika siku 3 kila mara.

Fanya hivi. Chomoa waya, funga koki. Chota maji yote kwenye shimo la chujio, toa vitoroli vyote. Kama imefungwa kwa skrubu kwenye kaunta zifungue. Vuta mashine nje taratibu usikaze mipira, tandika mataulo mbele yake, alafu watu 2 muiinamishe kuja mbele kama nyuzi 45, mmoja ashike mlango usifunguke. Usifanye peke yako, ni nzito. Uniambie kitatoka nini, na hayo maji yaangalie rangi na uyashike.


SahaniZaGoba (Alhamisi, saa 2 usiku)

FundiWaTegeta Mungu akubariki. Yametoka maji kama lita 1 na nusu hivi. Tena sio maji, ni mapovu. Mataulo yamejaa povu, yanateleza, yananukia ndimu ya ile sabuni yangu.

Naomba niseme vizuri maana Nasra aliniuliza nikajibu juujuu. Vidonge vya mashine viliniishia mwezi uliopita, duka nililokuwa nanunua hawakuwa navyo, ndo nikaanza kuweka sabuni ya maji ya kawaida ya kuoshea vyombo kwa mkono, kijiko kimoja kwenye kisanduku. Mara za kwanza ilimaliza kuosha nikaona inafaa, nikaongeza kidogo kwa sababu ya mafuta ya pilau. Nikihesabu, shida ilianza wiki hiyohiyo niliyoongeza.


Nasra_Maskati

Ndiyo hiyo dada yangu, na mie ilikuwa hiyo hiyo! Msichana aliyekuwa akinisaidia alitia sabuni ya mkono, povu likatoka hadi sebuleni. Pole mno, lakini alhamdulillahi umejua.


FundiWaTegeta

Hapo tumefika. Sabuni ya mkono imetengenezwa itoe povu, na mashine inarusha maji kwa nguvu muda wote, tena ya moto, ni kama kupiga yai. Povu linajaa tumbo zima, linapenya pembeni ya mlango na kwenye matundu ya hewa, linashuka kwenye beseni na kurudi kuwa maji. Na pampu ya kurusha maji ikivuta povu badala ya maji inakosa nguvu, vyombo havitakati. Sabuni ya mashine, iwe kidonge au unga, imetengenezwa isitoe povu. Ndo maana ilikuwa inasimama baada tu ya kisanduku kufunguka. Hita, pampu, bodi, vyote vizima.

Sasa kazi iliyobaki. Toa ubao wa chini mbele, kausha beseni kwa kitambaa mpaka kwenye kona, iache na feni usiku kucha. Povu la ndani ya tumbo: weka siki nyeupe nusu kikombe sakafuni mwa mashine, endesha programu fupi ya kusuuza bila sabuni, rudia mpaka ukifungua mlango katikati usione povu. Usimwage ndoo nzima ya siki, ikitumika mara kwa mara inakula mpira.

Baada ya hapo tandaza gazeti kavu chini ya mashine, mulika na tochi kwenye beseni, endesha programu nzima tupu bila sabuni. Beseni likibaki kavu ilikuwa povu peke yake. Likilowa bila sabuni, kuna mpira wa mlango umechoka au klipu ya mpira imelegea, na hapo utaona tone linatokea upande gani.


JikoniKwaBaba

Mimi naweka tone moja tu la sabuni ya mkono na magadi soda mwaka wa 3 huu hakuna shida, msitishe watu.


FundiWaTegeta

Mkuu sikukatalii kwamba yako haijasimama bado, ila kesho mtu mwingine ataweka matone 5 na ndo hivi. Na kama unaosha sufuria za aluminiamu kwa magadi angalia rangi yake, zinakuwa nyeusi, hata sabuni yenyewe ya mashine inazifanya hivyo. Dada wa Goba na wewe sufuria za aluminiamu osha kwa mkono, humo weka sahani, glasi na vijiko. Na kwa maji yako ya kisima kile kisanduku cha chumvi chini usikiache kitupu. Weka chumvi ya mashine, sio ya mezani, ya mezani ni laini na ina madini joto na vitu vya kuizuia isigande. Bila chumvi lile gaga uliloliona kwenye kichungi litakuja kwenye hita.


Kaka_Minesota

Samahani naingilia uzi, niko Marekani nataka kurudi nyumbani na kontena, mashine yangu ni ya volti 120, nikiweka transfoma itafanya kazi Dar?


VoltiMiaMbili

Transfoma inabadilisha volti haibadilishi herzi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Ya huko ni 60, huku ni 50. Pampu za aina nyingi zitazunguka polepole na kupata moto. Alafu mashine nyingi za huko zinaunganishwa kwenye bomba la maji ya moto, huku nyumba nyingi bomba la jikoni ni baridi. Iuze hukohuko kaka. Na dada wa Goba nakubali mimi nilikosea, volti zako zilikuwa nzima.


SahaniZaGoba (Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa 5 usiku)

Mrejesho. Nimekausha beseni, nimeweka feni usiku 2. Povu limenichukua suuza 4 za siki, sikuamini limejificha wapi lote lile, mpaka kwenye mikono ya kurushia maji, nikaichomoa nikaisuuza kwenye sinki, na matundu yake 3 yalikuwa yamezibwa na gaga nikazibua na kijiti cha meno.

Programu tupu bila sabuni na gazeti chini: imeenda mpaka mwisho. Nilikaa nayo tangu mwanzo nikiwa na tochi. Dakika ya 23 moyo ulikuwa unadunda, ikapita. Beseni kavu, gazeti kavu.

Leo nilikuwa na oda ya watu 35 Salasala. Nimenunua unga wa mashine wa kilo, unatoka bei nafuu kuliko vidonge na unaweza kupunguza kipimo sahani zisipokuwa na mafuta mengi. Nimeosha mizigo 3 mfululizo, yote imefika mwisho. Fundi wa bodi nimempigia nikamwambia kwa heshima kwamba imepona na ilikuwa nini, akaniuliza boya linakaa upande gani, nikamwelekeza.

FundiWaTegeta, KijikoChaMbao, Nyali, Nasra, VoltiMiaMbili na jirani yangu mwenye mita, asanteni sana. Laki 4 na nusu ipo kwenye droo, nanunulia busta ya maji, ile pampu ya kuongeza presha.


MamaWawili_Arusha (wiki 3 baadaye)

Jamani nimesoma uzi wote, yangu inafanya hivyohivyo inanguruma, ila mimi natumia vidonge halali na nimeiinamisha yametoka maji masafi bila povu. Nifanyeje?


FundiWaTegeta

Basi yako inavuja kweli. Kausha beseni kama alivyofanya mwenzako, gazeti, tochi, programu tupu, ubao wa mbele ukiwa umetolewa, usiingize mkono mashine ikiwa kwenye umeme. Angalia kwanza kona 2 za chini za mlango, futa mpira wake kwa kitambaa uone kama umepasuka. Alafu chini ya pampu ya kurusha maji, kama kuna alama nyeupe ya chumvi imeshuka kama machozi ni sili ya pampu, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje. Ukiona tone linapotoka nitumie picha hapahapa.


MamaWawili_Arusha

Nimeona. Ni kwenye mpira unaotoka kwenye pampu kwenda nyuma, klipu imekatika. Napiga picha sasa hivi.